Mlima wa White Pass una wenyewe, nao ni majirani zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba kuteleza kwenye theluji ni starehe ya matajiri, na kwamba mzazi mhamiaji anayempeleka mwanawe huko anatupa pesa. Mimi ni mchambuaji wa matufaa hapa Yakima, jimbo la Washington, mwaka wa tisa sasa. Mwanangu anateleza.

Simlaumu ndugu yetu. Huenda amesikia habari za Vail, mlima wa kuteleza kule Colorado, ambako tiketi ya siku moja ya kununua dirishani imeshavuka dola 300. Kwa bei hiyo hata mimi ningeandika kama yeye. Ila bei hupangwa na mwenye mali, na hapo ndipo barua yake ilipopungua: hakuuliza mlima ni wa nani.

Wetu uko White Pass, kipito katika milima ya Cascade, kusini-mashariki mwa Mlima Rainier. Unashika barabara namba 12, unapita Naches, unaufuata Mto Tieton hadi Ziwa Rimrock, halafu unapanda. Ni kama kilomita 80 kutoka mjini. Bwawa la ziwa hilo lilikamilika mwaka 1925, na maji yake ni theluji ya milima hiyo hiyo iliyoyeyuka. Ndiyo yanayomwagilia mashamba ya bonde letu, kwa hiyo theluji anayoichezea mwanangu Januari huenda ndiyo inayonipa kazi Septemba. Ardhi yenyewe ni msitu wa serikali kuu, lakini lifti, yaani viti vya kamba vinavyowapandisha watelezaji, na uendeshaji viko mikononi mwa watu wa huku huku. Katika jimbo hili hilo si jambo dogo. Mwaka 2018 pekee Stevens Pass ilinunuliwa na Vail Resorts, na Crystal Mountain ikaenda kwa Alterra, kampuni mbili zenye milima mingi na ofisi zao mbali.

Siku ya kwanza tulimpeleka mtoto akiwa amevaa viatu vya kuazima, soksi mbili mbili ili vimkae. Aliogopa viti vya lifti, vinakuja kwa nyuma na havisimami. Mzee aliyekuwa akiiendesha akapunguza mwendo, akamshika kwapani, akamkalisha, akamwambia, "Nitakuona ukirudi." Alirudi mara kumi na moja siku ile, nilihesabu nikiwa nimesimama chini na chupa ya chai. Mara ya mwisho mzee alimwita kwa jina.

Na asidhani mtu kwamba mlima mdogo huzaa watelezaji wadogo. Pacha Phil na Steve Mahre walikulia White Pass, baba yao akiwa msimamizi wa mlima. Tarehe 19 Februari 1984, kwenye Olimpiki ya Sarajevo, Phil alipata medali ya dhahabu ya slalomu, mbio za kuteleza kwa kupinda kati ya vijiti, na Steve akapata ya fedha, tofauti yao sekunde 0.21. Watoto wa mfanyakazi wa mlimani, Mhariri! Walikuwa na theluji mlangoni na mtu wa kuwafungulia lifti.

Mwaka huo huo wa 1984 sheria ya Bunge la Marekani ilikiondoa kipande cha ardhi katika hifadhi ya pori ya Goat Rocks, jirani na mlima, ili kitazamwe kama kinafaa kwa kuteleza. Lifti za huko, sehemu inayoitwa Paradise Basin, zilianza kazi msimu wa 2010. Miaka ishirini na sita! Waliopinga walikuwa na hoja: pori likishapigwa nguzo halirudi kuwa pori. Mimi mwenyewe nikipita kule juu kukiwa kimya naielewa hoja yao. Lakini pia nawaheshimu watu waliongoja muda wote huo na hawakuuza.

Kinachonitia wasiwasi ni hali ya hewa. Kituo cha chini kiko mita 1,370 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na upande wetu wa Cascade joto likipanda kidogo, theluji hugeuka mvua. Kampuni yenye milima arobaini, mmoja ukikosa theluji, mwingine huifidia. White Pass ni mlima mmoja. Umejiunga na Indy Pass, tiketi ya pamoja ya milima midogo iliyoanza 2019, na hilo linasaidia, lakini haliwezi kuleta theluji.

Kwa hiyo nawaomba Waswahili wenzangu wa Yakima, na wa miji jirani ya Tri-Cities pia: kama mnaweza, nunueni tiketi ya msimu mapema, kabla theluji haijaanguka. Pesa hiyo huingia wakati lifti zinafanyiwa matengenezo na hakuna mteja hata mmoja mlimani. Asiyeweza tiketi ya msimu aende siku moja tu, na mtoto mmoja.

Vile viatu vya kuazima tulivirudisha, tukanunua vingine vilivyotumika, navyo vimeshambana mwanangu. Vimefutwa, vimekaushwa, viko kwenye mfuko karibu na mlango wangu. Vinamfaa mtoto wa miaka saba au minane. Mzazi anayevihitaji aniulize Jumapili baada ya ibada, sitaki hata senti.

Mama Baraka,
Yakima, Washington