Pevingi za jirani zinanimwagia maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Goba kuhusu hizi pevingi, vitofali vya saruji vya kutandaza uwanjani. Kila anayemaliza nyumba sasa anafunika uwanja wote, kutoka barazani hadi getini, mpaka mche hauna pa kuchomoza. Siku ya kuhamia unapendeza kweli. Mchana wa Januari ukikanyaga peku utaruka, na masika maji yote yanateremkia kwa jirani wa bondeni. Jirani huyo ni mimi.

Mimi nilianza na kosa jingine. Nilinunua zile nyasi za kutandika kama mkeka, nikawa nazimwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya boza. Mwezi wa pili zikawa rangi ya chai ya maziwa. Nikazing'oa, nikaacha ukoka wetu utambae. Wakati wa mvua naufyeka mara mbili kwa mwezi, kiangazi hata panga silishiki. Ukutani nimepanda bogainvilia ya zambarau. Ukiidekeza kwa maji inatoa majani matupu, ukiisahau inachanua. Karibu na bomba kuna mchaichai, maana mama watoto hataki pambo lisilonyweka. Pevingi nimeweka mistari miwili tu ya kupitisha matairi ya gari, katikati kokoto.

Wageni husimama getini wakiuliza fundi bustani wangu ni nani. Sina.

Namwomba jirani wa juu abandue walau safu mbili kando ya ukuta kabla ya Machi. Ukoka wa kupandikiza nitampa bure.

Mwalimu mstaafu,
Goba, Dar es Salaam