Chupa Uliyonitumia Picha Yake

Mwanangu mpendwa,

Picha ya chupa ya virutubisho vya nywele nimeiona, nikaikuza mpaka yale maandishi madogo ya nyuma yakasomeka. Umeniuliza kama ni dawa nzuri. Nami nauliza: nzuri kwa nini hasa? Juzi uliniambia nywele zinanyonyoka. Kabla ya hapo ulilalamika kwamba ukipanda ngazi moyo unakwenda mbio. Halafu ukagusia, tena kama utani, kuwa hedhi yako siku hizi inamaliza wiki na pedi hazikai saa mbili. Umeyasema mbalimbali kana kwamba hayajuani, lakini mimi nahisi hayo ni ndugu wa tumbo moja.

Anayetokwa na damu nyingi kila mwezi hupoteza madini ya chuma kuliko anavyoyarudisha kwa chakula. Wataalamu wa Marekani wanakadiria kuwa mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 18 za chuma kwa siku. Kaka yako zinamtosha 8. Tena akiba huweza kuisha wakati wingi wa damu bado uko sawa, ukachoka huku unaambiwa huna tatizo. Kwa hiyo ukienda kupima usiridhike kuambiwa damu ipo. Omba wapime na feritini, maana hiyo ndiyo inayoonyesha akiba. Kwa mtu mzima mwenye afya, Shirika la Afya Duniani linahesabu kiwango kilicho chini ya mikrogramu 15 kwa lita kuwa ni upungufu. Na usitoke hapo bila kuuliza kwa nini unatokwa na damu hivyo, kwa sababu kama kuna uvimbe kwenye kizazi, utameza vidonge mwaka mzima na ndoo itaendelea kuvuja.

Sasa hiyo chupa. Chuma nimekitafuta, hakimo. Kilichojaa ni biotini, vitamini mojawapo ya kundi B, mikrogramu 5,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 tu kwa siku, na asiyeipata ya kutosha ni nadra sana. Ingekuwa hasara ya fedha peke yake ningenyamaza. Lakini biotini nyingi huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na kile cha moyo kinachoitwa troponini; mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Huko huko Marekani, bidhaa za aina hii hazihitaji kibali cha usalama kabla ya kuuzwa, ndivyo sheria ya 1994 ilivyoziweka. Sura ya dada mwenye nywele ndefu pale mbele basi isikudanganye.

Ikigundulika chuma kimepungua, utapewa vidonge vyake, na hapo ndipo wengi huharibu. Meza tumbo likiwa tupu kama linavumilia, kwa maji au juisi ya chungwa. Chai na kahawa zisubiri saa moja au mbili, kwa kuwa hukizuia chuma kuingia mwilini. Maziwa na kalsiamu vivyo hivyo. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikikufunga au tumbo likichafuka, usiache kimyakimya kama ulivyoacha zile za malaria. Muulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka moja. Mwili ukishapokea dozi hupandisha homoni ya hepsidini, nayo hupunguza kiasi kitakachopokelewa kesho yake, kwa hiyo kuruka siku si uvivu. Na viweke mbali na watoto wa dada yako. Vidonge vya chuma vimeua watoto wadogo waliovidhania peremende.

Kuna kimoja tu ambacho nakuomba uanze bila kungoja kipimo, kwa kuwa najua wewe na mwenzio mnazungumzia mtoto: vitamini iitwayo asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati wengi hawajajua hata kama wamechelewa. Ukianza siku ya kwanza ya kliniki, umeshapitwa. Hili si porojo la matangazo: utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 1991, kwa kina mama waliokwisha kupata mtoto ambaye mfereji huo haukufunga vizuri, ulionyesha kwamba foliki ilizuia karibu robo tatu ya marudio. Endelea nayo mpaka wiki ya 12. Ila usichanganye chupa mbili tatu zenye vitamini A ya retinoli. Ikizidi huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kalsiamu uliyotaka kuninunulia mimi, acha. Wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi walifuatiliwa Marekani, nusu yao wakipewa kalsiamu na vitamini D. Majibu ya mwaka 2006 hayakuonyesha wazi kwamba kuvunjika kwa nyonga kulipungua, ila mawe ya figo yaliongezeka. Mifupa yangu nitaitembeza.

Siku ya kutolewa damu, kama umeshaanza hiyo biotini, mwambie mhudumu kabla hajachoma sindano. Majibu ya feritini nipigie picha kama ulivyopiga hiyo chupa.

Mama yako