Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024

Wazee wangu, kina mama na vijana, kamwene. Mambo ya kawaida mnayajua sitakaa nayo, misiba tumeshirikiana, njia ya waya za umeme tumeifyeka mara mbili, na nguzo mbili za bondeni zilizoinama zimebadilishwa, hizo nilizifuatilia mwenyewe maana mikaratusi ya nguzo inatoka hapahapa Mufindi sikuona kwanini sisi tusubiri. Ada, tuko 86 waliomaliza 31, zimeingia 620,000 zimetoka 540,000, risiti anazo mhazini.

Sasa transfoma. Imesemwa sana kwamba mwenyekiti kaivuta kwake, ikaondoka kule juu kwenye mashine ya kusaga. Jamani. Umeme unakuja na laini kubwa ya volti 33,000, zile waya tatu za barabarani, na kwa volti hizo mkondo, yaani wingi wa umeme unaopita kwenye waya, ni mdogo kwahiyo hata ukitoka mbali haupotei sana. Transfoma inaushusha mpaka 400, nyumba ya fezi moja, yaani yenye waya mmoja wa moto, inapata 230. Ukishashuka hivyo mzigo uleule unataka mkondo mkubwa zaidi ya mara 80, waya unaanza kupata moto na kula umeme njiani, na kadri nguzo zinavyoongezeka ndo wa mwisho anazidi kupunjwa. Wa bondeni mashahidi, mashine ikiwashwa jioni balbu zinabaki nyekundu kama kaa la moto, friji ya zahanati inanguruma tu haigandishi. Ndo maana niliomba ikae katikati pale ghalani, laini ndogo ziende pande zote mbili ziwe fupi, na mwenye mashine hajakosa kitu bado anasaga. Mimi nilikuwa nguzo ya tano toka transfoma sasa niko ya tatu, taa zangu hazijawahi kusumbua, sasa nimefaidika nini hapo?

Na hilo lilipita kwenye mkutano wa mwezi wa 8 tukiwa watu 19 tu, wanaolalamika leo sikumwona hata mmoja, kwakweli inaumiza, unaita watu wiki nzima wanakuja wale wale.

Halafu mbuzi wasifungwe kwenye waya wa stei, ule ndo umeshikilia nguzo na watoto wanawafuata hapohapo.

Mwakani Mungu akijalia tunatarajia nguzo za kwenda kitongoji cha juu, tutaongea na wahusika tuone. Wanaodaiwa wamuone mhazini kabla ya mwezi kuisha.