Umeyaonja hayo maji?

Muheza, mwezi Mei

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Salamu za nyumbani nimeziweka mwisho, maana boksi hili lina vitu vinavyooza na sitaki ukae kusoma kwanza. Fungua ile khanga kuukuu. Ndani kuna mbegu za mwarobaini. Matunda yalidondoka Jumatano, nikayamenya, nikaosha mbegu, nikazianika kivulini siku mbili. Usizihamishie kwenye mfuko wa nailoni, zitakosa hewa zivunde. Zisie leo, ukichelewa sana kesho. Mbegu ya mwarobaini ikivuka wiki mbili tatu haina tofauti na kokoto. Ilaze ubavu, ifunike udongo kidogo tu. Ukimaliza nawa mikono, urudi kwenye barua.

Sasa niambie. Umeyaonja hayo maji?

Uliponipigia kunieleza kwamba umeshalipa kodi ya mwaka mzima ya kile kiwanja cha Ihumwa, huko Dodoma, cha kitalu chako cha miche, ulinihesabia kila kitu: upana wake, barabara kuu ilivyo karibu, magari ya wakubwa wa serikali wa Mtumba yanavyopita mbele asubuhi na jioni, kisima kirefu cha mwenye kiwanja na pampu yake. Nikakuuliza maji yakoje. Ukanijibu, "Mengi, mama." Sikuuliza wingi. Bahari pia ina maji mengi.

Mjomba wako alipokwenda huko na mafundi wenzake alirudi akitwambia chai ya Dodoma inakuja na chumvi yake. Si kila kisima, najua. Visima vya Mzakwe vinanywesha watu mjini miaka na miaka. Lakini wewe hukukodi Mzakwe. Umekodi kisima usichokijua, na umelipa kabla ya kuuliza, na mtu wa kumuuliza unaye, ameuza miche kando ya barabara tangu wewe hujaota meno.

Tena angalia majira. Mvua za kwenu ndiyo zimekwisha. Hazirudi mpaka Desemba, na mteja wa miti Dodoma ananunua mche siku mvua inapoanza kunyesha. Kwa hiyo miche ya kuuza Desemba unaisia kati ya sasa na Julai, na miezi yote hiyo kila kiriba, kile kifuko cha mche, kinakunywa maji ya kisima hichohicho, hakuna tone la mvua la kusuuza. Jua la huko linakausha maji, chumvi inabaki. Kesho unamwagilia tena, maji yanakauka, chumvi inabaki. Kiriba kina udongo wa konzi chache tu, chumvi itakwenda wapi? Utaona ukoko mweupe juu ya udongo, halafu ncha za majani zinaungua, halafu kingo, kama mtu kapitisha kibatari. Wewe utadhani ni jua, utaongeza maji. Ndiyo unazidi kuzika.

Na hiyo ni ile iliyoota. Mbegu haioti mpaka inywe maji ivimbe, na maji ya chumvi hayaingii kwenye mbegu kama maji matamu. Utakaa unangoja tuta, unamlaumu aliyekuuzia mbegu.

Basi fanya hivi, si kazi kubwa. Chukua makopo mawili, toboa chini, tia udongo uleule. Kila kopo panda maharage kumi. Moja mwagilia maji ya kisima, la pili maji ya chupa ya dukani. Maharage hayavumilii chumvi hata kidogo, yatasema ukweli mapema kuliko mwenye kiwanja. Baada ya siku kumi na mbili hesabu yaliyoota na utazame majani. Kuonja nako onja, asubuhi kabla hujala kitu, maana ukishakunywa chai ulimi unadanganya.

Baba yako anasema nimekuwa kasuku. Anasema wewe ni mtu mzima. Yeye ndiye aliyenituma kukupigia simu jana usiku saa nne na hukupokea.

Kuacha kazi sikulaumu. Nimesema sikulaumu. Ila ungeniacha niizoee habari kwanza, maana nilishawaambia watu wote wa msikitini kwamba una kiti chako na meza yako. Sasa wakiniuliza nawaambia umeanzisha kitalu makao makuu, na wallahi nikisema hivyo kifua kinajaa. Ile michungwa uliyobebesha ukiwa darasa la saba bado inazaa pale nyuma ya choo. Fundi aliyekuja kuchukua vikonyo vyake vya kubebeshea mwezi uliopita aliuliza nani kaifunga, mafungo yamenyooka hivi. Nikamwambia.

Turudi kwenye boksi.

Kwenye karatasi ya gazeti kuna mbegu za mipapai. Zile zilizotoka kwenye tunda refu, si la duara. Nimezisugua na majivu kuondoa ule utelezi, maana ukiuacha mbegu inakawia kuota. Panda mbili mbili kwenye kiriba, usisahau kumwambia mteja apande miche mitatu shimo moja na angoje maua kabla ya kung'oa dume. Asipoambiwa atarudi mwakani kukutukana kwamba umemuuzia mipapai dume, na huko mjini watu wanatukana kwa ujumbe wa simu, wanaupeleka mpaka kwa wasiokujua.

Chupa ya dawa ina mbegu za mkrismasi. Ganda lake gumu, ukizisia hivihivi utangoja mpaka uzeeke. Chemsha maji, epua, zitumbukize, ziache zilale humo. Asubuhi zilizovimba sia. Zisizovimba zisugue ubavuni kwenye jiwe mpaka uone weupe, uzirudishe majini.

Kile kifundo kidogo ni mrehani. Usiifukie, ikandamize tu juu ya udongo. Zungushia majivu, sisimizi wataibeba yote usiku mmoja. Na zile zenye vinywele kila upande ni adeniamu, lile ua la shina nene ambalo wenye nyumba nzuri wanalilipia bei ya mbuzi. Hilo ndilo nalitegemea sana kwa ardhi yenu, halipendi maji ya kila siku. Nilivisha maganda yake kitambaa chepesi yasije yakapasuka, maana yakipasuka upepo unachukua kila mbegu na unabaki unatazama. Zipande mapema, nazo hazipendi kukaa.

Mbegu za miti ya ashoki hazijaanza kudondoka. Zikianza nitatuma, popo wanatusaidia kumenya. Lakini nazo ni za kusia zikiwa mbichi, kwa hiyo ukisikia nimetuma, nenda stendi mwenyewe siku hiyohiyo, usimtume kijana.

Parachichi sijakuwekea hata moja. Wala limau za kubebeshea michungwa. Unajua hiyo miti miwili inavyochukia chumvi. Nikiyajua hayo maji yakoje, nitajaza gunia.

Uliniuliza habari ya kukamua nyanya ili upate mbegu. Ukizikamua za chotara utapata mchanganyiko, mche huu mrefu, huu mfupi, tunda hili kama lile la mzazi, hili kama goroli. Mbegu za mboga nunua, tazama lebo ya TOSCI, wale wa serikali wanaothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe, na hata hivyo chukua kumi uzifunge kwenye kitambaa kibichi kabla ya kumwaga pakiti nzima. Zikiota nane, endelea. Zikiota tatu, rudi dukani ukiwa na kitambaa chako mkononi. Zabibu usihangaike na mbegu kabisa, wenyeji watakupa pingili.

Na kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shingo ya mche, tafadhali. Wewe una mkono mzito wa maji tangu zamani. Mwagilia asubuhi, si jioni. Usibananishe mbegu. Udongo wa tuta la kusia uchome kwanza kwa majani makavu, uache upoe. Ukiona mche umenyong'onyea shingoni kama uliochemshwa, uondoe pamoja na udongo wake, na usimwagilie hapo kesho.

Nasema mkono mzito wa maji, ila sisemi ile miche mia tatu ya malimau ilikufa kwa mkono wako. Habari ile sina haja ya kukusimulia, miguu yako inaijua. Mwaka uliofuata, wewe ukiwa umeshakwenda bweni, bwana shamba alipita pale tulipokuwa tumepanga karibu na bahari, akachota maji ya kisima kwa kiganja, akayaonja, akatema. Akaniuliza, "Mama, haya ndiyo unamwagilia?" Nikamwambia hapana. Nikaona aibu. Ulikuja likizo, ukakuta tumehama, ukafurahia nyumba ya Muheza, nikaona nisikukumbushe mambo yaliyokwisha. Ndiyo imekuwa hivyo mpaka leo.

Mbuzi wa jirani ameingia tena kitaluni, amemaliza trei mbili za maua ya yule mwalimu aliyelipa kabisa. Nimesia upya, nimemwambia mwalimu mbegu zilikuwa za kuchelewa. Bati la choo limeng'oka upande mmoja. Nasema bati, kumbe kuna jambo: mdogo wako alinipigia hesabu. Milimita moja ya mvua ikidondoka juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Ukijenga banda la mita sita kwa kumi, hata mvua ikiwa milimita 500 tu, hizo ni lita 30,000, toa zitakazomwagika. Mwaka huu umechelewa, lakini kabla ya Desemba weka mfereji na tangi, na hayo ndiyo yawe maji ya kusia na ya miche inayodeka. Ya kisima wape mwarobaini na mitende. Pesa ya tangi usikope. Ukikwama niambie mimi, usimwambie baba yako.

Mdogo wako posa yake imejibiwa. Watu wa upande wa pili ni wa Korogwe, watulivu. Nikaha wanataka baada ya mfungo sita. Mchango wako nimeshautaja kwenye kikao, sikutaja kiasi. Anataka ukumbi upambwe miche ya kijani kwenye vyungu badala ya maua ya plastiki, kisha wageni waondoke nayo. Kwa hiyo mtoto huyu naye amenipa kazi ya miche 200 ya mrehani bila malipo. Shangazi yako goti linamsumbua, ameagiza mafuta ya mbuni, anasema huko Dodoma yapo. Mwangalizie, ila usimnunulie chupa kubwa, anayapaka kama anapiga rangi ukuta.

Baba yako leo alipokuwa anafunga boksi alinikumbusha yule mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyekaa Tanga, von Saint Paul-Illaire. Mwaka 1892 aliona ua dogo la zambarau kwenye miamba ya huku kwetu, akalituma kwa baba yake Ujerumani, na sasa hivi liko madirishani mpaka nchi zenye theluji. Nikamwambia baba yako, unaona, mtoto anamtumia mzazi kitu kutoka ugenini, na hapakuwa na basi la siku moja kupitia Segera. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Hapo pembeni ya boksi kuna chupa tupu ya lita moja, nimeiosha kwa maji ya mvua na kuikausha. Washa pampu, acha maji yatiririke kwanza dakika chache, ndipo uijaze. Ifunge vizuri kifuniko. Mpe kondakta yuleyule aliyekuletea boksi, anarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, nimeshamlipa kwenda na kurudi. Nitaionja mwenyewe.

Mama yako