Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bustani ya Februari Huanza Oktoba

Wanachama wenzangu, hamjambo.

Katiba ya chama chetu cha bustani hapa Nairobi inataka mwenyekiti atoe taarifa kabla ya mweka hazina kusoma hesabu na kabla ya uchaguzi. Mambo ya ofisi nitayapitia haraka kwa sababu yamekwenda vizuri, ili nipate nafasi ya kuzungumzia kiangazi, ambacho ndicho kilichotuchosha.

Kamati ilikutana ilivyopaswa. Ununuzi wa mbegu kwa pamoja umeendelea. Wengi waliojiunga nasi mwaka huu ni wapangaji wa ghorofa za Umoja, Kayole na Kasarani, watu ambao shamba lao ni veranda, ngazi au kipande cha paa. Maswali yao yameamsha mikutano yetu, maana huwezi kumjibu mtu wa ghorofa ya nne kwa kumwambia achimbe shimo la mboji nyuma ya nyumba. Michango imeingia, isipokuwa kwa wale ndugu wa "natuma kesho". Mweka hazina ana majina yao, nami nimemsihi asiyasome leo.

Sasa kiangazi. Kuanzia Januari hadi mvua za masika ziliposhika, karibu kila lalamiko lililomfikia katibu lilikuwa lile lile: maji hayatoshi, mboga zinakufa. Sikatai. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na mitaa yetu hupata maji kwa mgao. Wapo walionunua maji ya mkokoteni ili wasipoteze miche. Lakini katika kuzungukia bustani zenu niliona majirani wawili wanaotenganishwa na ukuta mmoja, mgao wao ni mmoja, na huku mmoja amebaki na vijiti, mwenzake anachuma sukuma wiki hata anampa mama mboga wa karibu auze. Wote wawili walimwagilia Februari. Aliyefanikiwa alikuwa amefanya kazi Oktoba na Novemba, na hilo ndilo ninalotaka tutoke nalo kwenye mkutano huu.

Mche wa sukuma uliopandikizwa mwanzoni mwa mvua za vuli huwa umekwisha kuteremsha mizizi kabla jua la Januari halijaanza kuchoma. Uliopandikizwa Januari una mizizi inayoishia pale pale udongo unapokauka kwanza, na mwenyewe atauhudumia asubuhi na jioni kama mgonjwa aliyelazwa. Na sisi tunajijua. Desemba tunafunga nyumba tunakwenda kwa wazazi, bustani tunamwachia mlinzi ambaye hatukumwonyesha lolote. Tunarudi kwenye Njaanuari, mfuko umekauka, tunaamua mwaka huu hatununui mboga, tunakimbilia miche ya kando ya barabara. Nia ni njema, ila mwezi wenyewe umekwisha kukataa.

Kuhusu maji yenyewe, naomba tufanye hesabu badala ya kubahatisha. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Katika siku za joto za Januari na Februari hapa Nairobi, mboga zilizofunika kitalu pamoja na udongo wake hupoteza kama lita nne hadi tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa hiyo mtungi wa lita 20 unatosha mita nne au tano za mraba, basi. Mwenye mitungi miwili kwa siku asilime mita 20 kisha amlaumu mtu. Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi upande wa mvua: paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,000, na hata ukitoa zinazopotea kwenye mabati na mifereji, tangi dogo linajaa kwa mvua chache za Novemba. Wengi wetu tunayaacha maji hayo yaende mtaroni, kisha Februari tunayanunua.

Matandazo ndiyo yaliyoleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote nilichokiona. Nyasi kavu, majani ya miti au maganda ya maharagwe, unene wa vidole vinne hivi, yasiguse shina. Udongo uliofunikwa hivyo unabaki na unyevu siku kadhaa baada ya jirani yake kuwa vumbi. Angalieni mambo mawili. Nyasi za Kikuyu mlizofyeka zikiwa mbichi zitaota tena, maana kila kipande cha shina kinachotambaa ni mche mpya. Zianikwe zikauke kabisa kwanza. Na vumbi la mbao lisichanganywe na udongo likiwa bichi, kwa kuwa vijidudu vinavyoliozesha hula naitrojeni ambayo mboga zinaihitaji. Wale mlioona spinachi ikigeuka njano baada ya kutia vumbi la seremala, chanzo kinaweza kuwa hicho.

Udongo wa jiji hili haufanani, na ushauri wa mwanachama wa Dagoretti unaweza kumponza wa Embakasi. Upande wa magharibi na kaskazini, Dagoretti, Kitisuru, Runda, udongo ni mwekundu, maji hupenya vizuri, na ni bora umwagilie mara chache lakini maji yazame. Upande wa Embakasi, South C na Utawala ni ule mweusi, ambao wakati wa mvua hunata kwenye buti na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Nyufa hizo hukata mizizi na kupitisha maji moja kwa moja yakaenda chini bila kuufaa mmea. Huo hauutengenezi kwa kuumwagilia zaidi. Unainua tuta, unachanganya samadi iliyoiva msimu baada ya msimu, na hauuachi wazi hata wiki moja. Ni kazi ya miaka. Lakini udongo mweusi una rutuba, na nimeona maboga ya Utawala ambayo watu wa Runda wangeyaonea wivu.

Kwa watu wa magunia: kile kiguzo cha kokoto katikati si pambo. Hujengwa kwa mkebe usio na kitako unaopandishwa kadiri unavyojaza udongo, na ndicho kinachofikisha maji chini. Gunia lisilo nacho hulowa juu, huku miche ya ubavuni ikinyauka. Gunia hukauka upesi kuliko ardhi, kwa hiyo wakati wa joto ni maji kidogo kila siku.

Watu wa veranda nao wana jambo ambalo kamati haikuwahi kulitilia maanani mpaka walipojiunga. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua huhama upande. Desemba na Januari hupita kusini mwetu, Juni na Julai hupita kaskazini. Veranda inayotazama kusini huchomwa wakati ule ule wa joto kali, kisha hukosa jua kabisa wakati wa baridi. Inayotazama kaskazini ni kinyume chake. Kabla hujanunua mkebe hata mmoja, jua veranda yako inatazama wapi. Dania na saladi ziende penye kivuli, kwa kuwa joto huifanya dania ikimbilie maua na saladi iwe chungu.

Mboga zetu za kienyeji zimejitetea zenyewe mwaka huu. Kunde, mchicha na saga zilistahimili joto pale sukuma ilipojaa vidukari. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kule Juja, ametumia miaka mingi kuzitafiti na kuzitetea mboga hizi, na wengi wetu bado tunaziona kama chakula cha kumkumbuka bibi. Mbegu za mchicha na saga ni ndogo mno, zichanganywe na mchanga zisipandwe rundo moja. Saga ikikosa maji hukimbilia maua; yadokoe mapema, itatoa matawi. Managu isiwekwe kundi moja na hizo, maana inapenda unyevu, na utitiri mwekundu huipata ikiwa na kiu.

Nyanya ziliwatoa watu machozi. Kuna mwanachama aliyeleta mkutanoni nyanya zenye doa jeusi kitakoni, amekwisha kununua dawa ya ukungu. Ule si ugonjwa. Ni kalisiamu kutofika kwenye tunda, na hutokea mara nyingi mmea unapokaa mkavu siku nne kisha ukafurikishwa siku ya mgao. Dawa ya dukani haitasaidia. Wekeni maji ya mgao kwenye mitungi, mzipe nyanya kidogo kidogo kwa mpangilio. Yule kipekecha wa nyanya, Tuta absoluta, aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2014, ni habari nyingine. Majani yenye mabaka meupe yaliyochimbwa ndani yachumwe yafungiwe kwenye mfuko juani, wala msiyatupe kwenye mboji.

Nije kwenye ule ubishi wa maua. Mnakumbuka hoja iliyoletwa Februari kwamba wakati wa mgao chama kipige marufuku kumwagilia maua, kwani maua hayaliwi. Kamati haikuipitisha, nami nieleze kwa nini, maana waliokerwa wana haki ya kujibiwa.

Kwanza, maua mengi tunayoyapanda hapa hayahitaji maji tuliyokuwa tukiyamwagia. Bogenvilia hutoa maua mengi inapokaa na kiu. Ukiimwagilia kila siku inakupa majani na miiba tu. Lantana na jeraniamu huvumilia. Anayemaliza maji yake kwenye bogenvilia anaharibu maji na maua pamoja. Pili, boga lina ua dume na ua jike, na bila nyuki lile tunda dogo hugeuka njano na kudondoka. Mnaolalamika kwamba maboga yanazaa vidogo halafu yanaanguka, angalieni kama mna ua lolote jingine linalowaita nyuki. Tatu, dania iliyochanua, ambayo wengi huing'oa kwa hasira, huwalisha nyigu wadogo na nzi ambao watoto wao hula vidukari. Mimi huiacha, na sukuma yangu inanishukuru.

Marigodi naitetea kwa mipaka. Watu wamesikia kwamba inafukuza minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ya nyanya iwe na nundu, basi wanapanda mche mmoja kila pembe ya kitalu na kungoja miujiza. Inafanya kazi ikipandwa kwa wingi na kukaa pale miezi miwili au mitatu kabla ya nyanya. Lile gugu lenye harufu kali tunaloliita mubangi ni la ukoo huo huo, na wengi wetu hung'oa utajiri huo bila kujua.

Hata bila hayo yote, ningeyapigia kura maua. Wapo wanachama ambao sehemu pekee ya rangi kwenye ploti yao nzima ni zinia tatu ndani ya ndoo iliyopasuka.

Neno moja kuhusu mbegu mnazoletewa na jamaa walio ng'ambo. Pakiti iliyoandikwa kwa ajili ya kiangazi cha Uingereza inazungumzia mchana wenye urefu wa saa 16. Huku kwetu mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Vitunguu vya huko hungoja mchana mrefu ili vifanye kichwa, na hapa vitabaki majani hadi mchoke. Pandeni Red Creole au Bombay Red, ambazo zinaridhika na mchana wetu. Tulipu nazo huhitaji majira ya baridi kali ambayo hata Julai yetu ya makoti haiyafikii.

Miezi ya baridi ilipita bila makubwa, isipokuwa ukungu kwenye nyanya na viazi, ambao ni wa kila mwaka. Kuhusu wapangaji walioambiwa na wasimamizi wa ploti kwamba kulima mjini ni kosa: Nairobi ina sheria ya kaunti ya mwaka 2015 ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Kilimo kinaruhusiwa kwa masharti yake. Hata hivyo, mwombe mwenye nyumba kabla hujapandisha magunia juu ya paa lake. Udongo uliolowa ni mzito, na hofu yake si ya bure.

Kamati inaleta maazimio matatu, na ningependa tuyapigie kura kabla ya chai. Kwamba siku ya miche ya chama ihamishwe kutoka Januari hadi wiki ya kwanza ya mvua za vuli. Kwamba fedha zilizotengwa kwa ajili ya zawadi za mwisho wa mwaka zinunue nyavu za kivuli za kuazimana, kwa ajili ya vitalu vya miche. Na kwamba kila mwanachama anayesafiri Desemba aandikishe kwa katibu jina la mwenzake wa karibu atakayemwagilia, naye amlipe fadhila hiyo kwa kumwachia mavuno ya wiki hizo.

Nafasi ya katibu na ya mweka hazina ziko wazi kwa mujibu wa katiba. Wote wawili wamekubali kugombea tena, lakini fomu zipo mezani kwa yeyote anayetaka. Mbegu za kunde na saga za kugawana ziko kwenye bahasha karibu na mlango. Mnaochukua, andikeni jina na mtaa wenu, ili mwakani tujue zilikoota.

Asanteni. Namkaribisha mweka hazina.