Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka Mukuu wa Korti ya Rufaa, Lubumbashi: naomba saki ya kesi ya bangi ya mudogo wangu ipimwe tena

Jambo Bwana Mwendesha Mashtaka Mukuu,

Mimi ni dada ya kijana mumoja mwenye kuwa mu gereza ya Kasapa juu ya mambo ya bangi. Ni mudogo wangu, anaendesha pikipiki ya kubeba watu, ile siku alibeba kliyan mumoja kutoka Katuba, kufika njiani bapolisi wakasimamisha, kliyan akaruka akakimbia akaacha saki nyuma, wakamukamata yeye juu njo yeye alibaki. Siji kukulilia juu ni ndugu yangu. Nakuja juu ya saki.

Ile saki waliifungua pale barabarani, watu wakaona, lakini hakuna mutu aliandika kitu, hakuna kupima, hakuna kufunga na kashe, ni kusema muhuri. PV, ile karatasi ya polisi ya kueleza vitu vilivyokamatwa, waliiandika kesho yake, mu Kifaransa, na mudogo wangu Kifaransa chake ni cha kusalimia tu, wakamuambia weka kidole hapa, akaweka. Mu PV kuko saki nyeusi, kilo 2. Siku ya kesi ikaletwa saki nyeupe ya muchele, na karatasi inasema kilo 3 na nusu! Avoka wetu akauliza nani alichunga ile saki zile wiki 6 zote, hakuna aliyejibu. Mimi mwenyewe niliiona, nilikuwa nimepeleka bukari (ugali) pale kituo cha polisi, iko chini ya meza, muhuri hakuna, kamba imelegea, kila mwenye kupita anaikanyaga. Na hakuna maabara iliyoangalia kama ni bangi kweli, walisema harufu inatosha. Wakamupiga miaka ya gereza.

Bwana, sheria ya kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959 inasema vitu vyenye kukamatwa vielezwe mu PV, na mwenye kukamatwa navyo atie sini (sahihi), na kama hawezi ao anakataa, waandike vile. Sasa PV inaeleza saki moja na majaji wanaonyeshwa ingine, walimuhukumu juu ya gani? Katiba ya 2006 nayo, mu article 18, inasema mutu aelezwe sababu ya kukamatwa mu luga anayosikia, na kumuweka chini ya polisi kusipite saa 48. Yeye alilala buloko ya polisi siku 5.

Najua bangi inaharibu watoto wetu, mu avenue yetu tumeona, na mwenye kuiuza afungwe kabisa. Lakini afungwe na kitu alichokamatwa nacho.

Rufaa tuliipeleka siku ya 7, ndani ya zile siku 10. Bapolisi wa upelelezi wanatumika chini ya uongozi wa ofisi yako, njo maana nakuandikia weye. Uite mwenye aliandika ile PV aje aseme mbele ya korti saki ilitoka wapi ikafika wapi na nani aliigusa. Uombe ipimwe tena, mbele ya mudogo wangu na avoka wake. Na kama ile nyeusi haionekani tena, basi iandikwe mu dosiye kwamba haionekani, majaji wa rufaa waisome.

Mama anapeleka chakula Kasapa kila Jumatano na Jumapili, kwa miguu akikosa transpori.

Dada yake mukubwa,
Katuba