Mheshimiwa Waziri, kichuguu kinakaribia kuwa matofali

Kwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, Uganda

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa maabara, na kwa miaka mitatu kazi yangu kubwa imekuwa kuchota udongo. Nimechota pembezoni mwa msitu wa Mabira, nimechota migombani, lakini zaidi kwenye vichuguu vya mchwa huko Gulu. Bodaboda aliyenibeba aliniuliza kama natafuta dhahabu. Nilipomjibu kwamba natafuta dawa, alicheka, akasema kuna mganga kule mbele angeniuzia iliyo tayari.

Hata hivyo dawa imo. Streptomaisini, dawa ya kwanza kuushinda kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Streptomyces griseus. Ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza inaponyesha, ile inayowafanya wajawazito watamani kubugia udongo, ni ya jamaa zake.

Udongo nauanika kwanza, nauzimua kwa maji mara kumi, mara mia, mara elfu, kisha napaka tone kwenye sahani ya agari, ule uji ulioganda wa kukuzia bakteria, na kuiweka kwenye joto la nyuzi 28. Bakteria wa kawaida hujitokeza kesho yake, wanang'aa kama mate. Hawa ninaowataka hujivuta. Siku ya saba, hata ya kumi, ndipo unaona vidoa vikavu kama unga wa chaki, vimeng'ang'ania agari mpaka sindano inapinda. Navipambanisha na vijidudu vya usaha. Pakibaki duara tupu kuzunguka kidoa, kuna kitu pale. Mara nyingi, nakiri, kitu chenyewe ni dawa iliyojulikana tangu enzi za babu zetu. Kwa hiyo vidoa kumi havisaidii. Vinatakiwa maelfu, vitunzwe miaka, na kila kimoja kijulikane kilikotoka.

Sasa sikia yaliyotupata. Umeme ulikatika Ijumaa jioni. Jenereta ilikuwepo, dizeli haikuwepo. Ombi la dizeli lilikuwa mezani kwa mtu likisubiri saini. Jumatatu nilipofungua friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maji yalinimwagikia miguuni. Bakteria wengi walikuwa hai, maana hawa ni viumbe wagumu. Kilichokufa ni lebo. Zilibanduka zote, zikawa zinaelea, wino umegeuka ukungu wa buluu. Kati ya vile vichupa kimo kimoja chenye duara pana kuliko yote niliyowahi kuona, nami sijui tena ni cha kichuguu kipi. Nimebaki kushuku sita.

Unaweza kusema, si bakteria unaye? Ninaye, lakini sijui ni wa nani. Mwaka 1949 daktari Mfilipino, Abelardo Aguilar, aliipelekea kampuni ya Marekani aliyoifanyia kazi udongo wa Iloilo. Humo ndimo ilimotoka erithromaisini, dawa ya kuua bakteria; mrabaha hakuupata. Kanuni zetu za mwaka 2005 kuhusu rasilimali za kijenetiki ziliwekwa ili mwenye shamba aridhie kwanza na agawiwe faida. Nimgawie nani, ikiwa jina lake limeyeyuka ndani ya friji?

Ninachoomba si jengo la vioo, wala semina hotelini. Naomba hazina moja ya taifa ya bakteria wa udongo: kila sampuli iwe na nakala mbili katika miji miwili tofauti, friji zitumie sola yenye betri za kutosha, na daftari la asili yake litunzwe mbali na friji. Mtafiti wa Mbarara asirudie kuchota nilipokwisha kuchota mimi. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, na wodi zetu wanaujua usugu huo bila kusomewa takwimu.

Juzi alinipigia mzee mmoja, mwenye kimojawapo cha vile vichuguu sita. Anataka kukivunja afyatue matofali ya nyumba ya mwanawe, akaona aniulize kwanza kama bado nakihitaji. Nimemwomba asubiri mvua ziishe. Amekubali, ila kijana ameshaposa.

Wako mtiifu,
Fundi wa maabara